Walikale: Je, mimea na mikrobe vinaweza kusafisha udongo wenye mionzi?

Katika vijiji vingi vya Walikale na Masisi, mchanga mweusi wa koltani unalala ndani ya nyumba moja na watoto. Gunia linawekwa chini ya kitanda ama nyuma ya mlango, likingojea siku ya soko ama kuja kwa negosia. Hiyo si ajabu. Mtu asiye na depo, anayeishi mahali ambapo watu wenye silaha wanapita, hana mahali pengine pa kuchunga jasho lake.

Lakini mchanga ule hauna tantali peke yake, ile inayotafutwa kwa kutengeneza simu na kompyuta. Mara nyingi ndani yake kuna pia uraniumu na toriumu kidogo, vitu viwili vinavyotoa mionzi. Na pale unapooshwa kando ya mto, mabaki yake yanabaki kwenye udongo, karibu na mashamba ya mihogo na lengalenga.

Mtu anayetafuta dawa ya jambo hilo kwenye intaneti atakuta haraka habari tamu: panda alizeti, ile tunayoita turnesoli, na mionzi itaisha, ama weka mikrobe fulani kwenye udongo, nayo itakula sumu. Kuna ukweli ndani ya habari hizo, ila umekatwa nusu. Mimea na mikrobe havifuti mionzi. Vinaweza kuihamisha kutoka mahali fulani, ama kuifunga mahali ilipo. Kwa mkaaji wa Buleusa, tofauti kati ya maneno hayo mawili ni kubwa, kwani inaamua nini apande, wapi apande, na nini asile.

Mionzi ya koltani inatoka wapi

Buleusa iko katika gurupema ya Ikobo, wilaya ya Walikale, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Wakaaji wake ni wakulima, na wamekimbia mara nyingi kwa sababu ya mapigano ya vikundi vyenye silaha. Buleusa si Shinkolobwe. Lakini iko ndani ya eneo kubwa ambalo watu wake wanaishi kwa shamba na kwa machimbo: koltani ya Rubaya kule Masisi, kasiteriti ya Bisie kule Walikale, na machimbo mengine mengi madogo. Kule Rutshuru kuna pia mlima wa Lueshe wenye niobi, ndugu wa tantali.

Uraniumu na toriumu viliingia katika mawe hayo tangu mawe yalipoumbwa. Hakuna mtu aliyevimwaga. Kiasi chake kinabadilika kutoka shimo moja hadi lingine: kuna koltani yenye kidogo sana, na kuna ile yenye nyingi kiasi kwamba sheria za kimataifa za usafirishaji zinaihesabu kuwa mzigo wenye mionzi. Mpaka uliowekwa kwa mawe ya asili ni bekereli 10 kwa kila gramu. Kwa uraniumu, hiyo ni karibu gramu 0,8 ndani ya kilo moja ya mchanga. Ndiyo maana kwenye bandari koltani inapimwa mionzi kabla ya kupanda meli. Anayeibeba kwenye mgongo kutoka shimoni, kwa kawaida hapimiwi kitu.

Hapa lazima tuseme bila kuongeza chumvi. Kupita karibu na gunia la koltani hakuui mtu. Hatari yake ni ya polepole, na ina njia tatu. Ya kwanza ni vumbi: chembe zikiingia katika mapafu, zinabaki mle na kuendelea kutoa mionzi. Ya pili ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayozaliwa na uraniumu na kujaa ndani ya mashimo yasiyo na hewa. Saratani ya mapafu iliyotokana na gesi hiyo imeonekana kwa wachimbaji wa uraniumu katika inchi mbalimbali. Ya tatu ni tumbo: maji, udongo kwenye mikono ya mtoto, mboga isiyooshwa vizuri. Uraniumu ikiingia tumboni inaweza kuumiza figo, hata kabla ya kuzungumzia mionzi yake.

Congo inajua historia hii kuliko inchi nyingi. Shinkolobwe, karibu na Likasi, iligunduliwa mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba pale radiumu, kisha uraniumu iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu ya atomu ya mwaka 1945. Miaka mingi baadaye, wachimbaji wa mikono walirudi pale kutafuta kobalti. Serikali ilifunga eneo hilo mwanzoni mwa mwaka 2004, lakini watu waliendelea kuingia, na mwezi wa saba mwaka huo shimo liliporomoka na kuua watu. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliofika pale mwishoni mwa mwaka huo waliona hatari ya mashimo kuporomoka na pia hatari ya watu kukaa muda mrefu ndani ya mionzi.

Alizeti za Chernobyl na za Fukushima

Habari ya alizeti ilianzia mbali. Tarehe 26 mwezi wa nne mwaka 1986, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, kule Ukraine, ulilipuka. Upepo ulisambaza sesiumu na strontiumu kwenye mashamba, misitu na maji. Katika miaka ya 1990, watafiti waliweka alizeti juu ya kidimbwi kimoja karibu na mtambo huo. Mimea ilielea juu ya vyombo, mizizi ikining'inia ndani ya maji. Mizizi ile ilivuta sesiumu na strontiumu kwa nguvu, na dunia nzima ikapata picha nzuri: ua la njano linalokula sumu.

Watu wengi walisahau neno moja katika habari ile: maji. Ndani ya maji, sumu inaelea na mzizi unaikamata. Ndani ya udongo, mambo ni tofauti. Sesiumu inajibana kati ya chembe za udongo wa mfinyanzi, na mzizi unashindwa kuichomoa.

Japani iliona jambo hilo kwa macho. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya tarehe 11 mwezi wa tatu mwaka 2011, mitambo ya Fukushima ilitoa mionzi juu ya mashamba. Wanainchi wengi walipanda alizeti kwa matumaini. Wizara ya kilimo ya Japani ilifanya jaribio na kutoa matokeo mwaka huohuo: alizeti ilikuwa imetoa karibu sehemu 1 kwa 2.000 tu ya sesiumu iliyokuwa kwenye udongo. Kukwangua udongo wa juu, kina cha sentimita 4 hivi, kuliondoa karibu asilimia 75.

Kwa hiyo Japani ikachagua koleo na mashine. Nayo bei yake ilikuwa kubwa: zaidi ya mita kibiki milioni 13 za udongo na takataka zilikusanywa na kuwekwa kwenye eneo la muda katika miji ya Okuma na Futaba. Serikali ya Japani imeahidi kuuondoa udongo huo jimboni Fukushima kufikia mwaka 2045. Hata inchi tajiri haikuweza kuifuta sumu. Iliibeba na kuiweka pengine.

Hesabu ya hektari moja

Mkulima yeyote anaweza kufanya hesabu hii mwenyewe. Chukua hektari moja ya shamba. Udongo wake wa juu, kina cha sentimita 20, una uzito wa karibu tani 2.600. Sasa panda mmea unaokua sana, unaotoa tani 10 za majani makavu kwa msimu. Hata kama mmea ule ungekuwa na uraniumu sawa na ile ya udongo, gramu kwa gramu, mavuno moja yangeondoa chini ya nusu ya asilimia moja.

Na mimea mingi haifiki pale. Kwa uraniumu, majani huwa na sehemu moja kwa mia ya kile kilicho kwenye udongo, ama chini ya hapo, kwani sehemu kubwa inabaki kwenye mizizi. Kwa kiwango hicho, kupunguza uraniumu ya shamba kufikia nusu kungehitaji mavuno zaidi ya 10.000. Watafiti walijaribu kusukuma mmea kwa kumwaga asidi ya limao kwenye udongo ili uraniumu ilegee. Katika maabara, kwa mmea wa haradali, ilifaulu sana. Lakini uraniumu iliyolegea haichagui njia: mvua ikinyesha kabla mzizi haujainywa, inateremka kwenye maji ya kisima. Katika milima yetu yenye mvua karibu mwaka mzima, huo ni mchezo wa hatari.

Kisha linakuja swali la mwisho, lile ambalo watu wengi hawalizungumzii: majani yaliyovunwa yanaenda wapi? Yakichomwa, mionzi haiungui. Inabaki ndani ya majivu, tena imekusanyika zaidi. Na kwetu majivu hayatupwi hovyo. Yanawekwa kwenye bustani na kwenye choo, na pengine mboga inapikwa kwa maji yake. Mtu angetoa sumu shambani asubuhi na kuirudisha kwenye chungu jioni.

Kungojea nako hakusaidii. Sesiumu ya Chernobyl inapungua nusu kila miaka 30. Radiumu inahitaji miaka 1.600. Uraniumu ya koltani inahitaji miaka miliari 4,5 ili ipungue nusu.

Mikrobe zinafanya nini kweli

Katika udongo kuna viumbe wadogo wasiohesabika, na baadhi yao wana nguvu za kushangaza. Mwaka 1956, huko Marekani, watafiti waliopiga mionzi mikali kwenye nyama ya kopo ili kuua mikrobe zote waligundua kwamba moja ilibaki hai. Inaitwa Deinococcus radiodurans. Inavumilia mionzi mara mamia kuliko ile inayoua mtu, kwa sababu inajua kushona upya chembe zake za urithi zilizokatika. Lakini kuvumilia mionzi siyo kuimaliza.

Iliyo na faida zaidi kwetu ni nyingine, Geobacter. Kiumbe hiki kinaishi kwenye matope yasiyo na hewa. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba mikrobe ya aina hii, wakati wa kula chakula chake, inabadilisha uraniumu iliyoyeyuka ndani ya maji kuwa uraniumu ngumu isiyoyeyuka. Mwaka 2002, kule Rifle katika jimbo la Colorado, palipokuwa na kiwanda cha zamani cha uraniumu, walitia ndani ya maji ya chini ya ardhi asetati, ambayo ni ndugu wa siki, ili kuilisha Geobacter. Uraniumu ndani ya maji ilipungua.

Hata hapo uraniumu haikutoweka. Iliganda kwenye mchanga chini ya ardhi, kama sukari iliyorudi kuwa punje chini ya kikombe. Hewa ikiingia tena, inaweza kuyeyuka upya. Lakini maji yanayokwenda kwa watu yanakuwa safi zaidi, na hilo ni jambo kubwa.

Hapa Kivu somo lake liko wazi. Matope meusi ya kinamasi, yenye majani yaliyooza na yasiyo na hewa, yanafanya kazi kama hiyo bila kulipwa: yanakamata uraniumu na metali nyingine kabla hazijafika mtoni. Kinamasi kilicho chini ya machimbo ni chujio. Anayekikausha ili alime viazi anafanya makosa mawili: anafungua chujio, na anapanda chakula ndani ya uchafu uliokusanywa na chujio hilo.

Somo la Lubumbashi

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko ndani ya Congo hii, ingawa ni wa shaba na si wa mionzi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulianguka juu ya mtaa wa Penga Penga, mpaka udongo ukabaki uchi, majani yakikataa kuota.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliuliza swali la busara. Katanga ina vilima vya asili vyenye shaba nyingi, na juu ya vilima hivyo kuna mimea iliyozoea sumu hiyo tangu zamani. Kuna ua liitwalo Haumaniastrum katangense ambalo linaota hata mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita. Wanaochimba mambo ya kale wamelitumia kama alama. Je, majani ya vilima hivyo hayawezi kufunika udongo wa Penga Penga?

Walijaribu majani kadhaa, na katika tafiti walizochapisha mwaka 2010 na 2015, jani dogo la kienyeji liitwalo Microchloa altera lilionyesha ustahimilivu mkubwa. Lakini halikuachwa peke yake. Udongo ulitiwa chokaa ili kupunguza ukali wake, na komposti ili kukamata shaba na kuzipa mikrobe chakula.

Lengo lao halikuwa kuiondoa shaba. Walitaka kuifunga: mizizi ishike udongo, majani yazuie upepo usipeperushe vumbi, mvua isibebe matope mpaka kwa jirani. Yaani mmea kama kifuniko cha chungu. Na kwa mahali ambapo hakuna pesa za kubeba maelfu ya tani za udongo, kifuniko ndicho dawa iliyo ndani ya uwezo wa watu. Kazi hii inafaa hata kwa uraniumu na toriumu, kwa kuwa vumbi na matope ndizo njia kuu zinazovifikisha kwa watu.

Buleusa inaweza kufanya nini

Si kusema kwamba tulete majani ya Katanga. Wakulima wa Kivu wanajua tayari mimea inayoshika udongo. Setaria na tripsacum zimepandwa kwenye mifereji ya kuzuia mmomonyoko kwa miaka mingi. Lakini hizo ni chakula cha mbuzi na ng'ombe. Juu ya mabaki ya machimbo, mmea usiopendwa na wanyama ni bora zaidi, mfano vetiver, ambao mizizi yake inashuka mita kadhaa. Popote panapopandwa kifuniko, mtu asikate majani kwa kulisha mifugo, na asiyachome.

Mengine hayahitaji pesa nyingi. Mchimbaji anayefungua shimo jipya aweke pembeni udongo mweusi wa juu, ili siku ya kufunga shimo arudishe jiwe chini na udongo mzuri juu. Mabaki ya kuosha yasimwagwe kwenye kijito ambacho watu wanachota maji. Kwenye uwanja wa kuoshea wa zamani, watu wasipande mihogo, viazi, lengalenga wala mboga nyingine inayogusa udongo. Na kama hakuna shamba lingine, basi kumenya na kuosha vizuri ni lazima. Komposti na samadi zinasaidia udongo kushika metali, na fangasi wadogo wanaoishi kwenye mizizi wameonekana katika maabara wakizuia sehemu ya uraniumu isipande kwenye majani.

Na lile gunia litoke chumba cha kulala. Hata kibanda kidogo nyuma ya nyumba, chenye hewa, mbali na mahali watoto wanapocheza, kinapunguza hatari. Kusaga ama kupepeta koltani kusifanyike ndani ya nyumba, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na zile za mtoto mchanga.

Lakini kuna jambo moja ambalo mwanainchi hawezi kulifanya peke yake, nalo linatangulia yote: kupima. Bila kupima, hakuna anayejua kama uwanja fulani ni wa hatari ama ni salama. Kuwaogopesha watu bure ni kuwanyima shamba. Kuwanyamazia ni kuwaacha wale sumu. Congo haikosi wataalamu. Kinshasa ilipata mtambo wake wa kwanza wa nyuklia wa utafiti mwaka 1959, wa kwanza katika Afrika. Kuna Komisaria kuu ya nguvu za atomu, na kuna kamati ya taifa ya kulinda watu dhidi ya mionzi, inayoitwa CNPRI. Kuna SAEMAPE, idara ya serikali inayofuatilia wachimbaji wa mikono. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni zirekebishe mazingira baada ya kuchimba. Machimbo ya mikono yaliyoachwa, yasiyo na mwenyewe, ndiyo yanayobaki bila wa kuulizwa.

Wachifu na mashirika ya raia wanaweza kuanza na ombi dogo lililo wazi: kupimwa kwa maeneo matatu ya kila machimbo, yaani mahali pa kuhifadhi mchanga, mahali pa kuosha, na maji yaliyo chini yake. Mashine ndogo ya mkononi inaonyesha mionzi ya hewani kwa dakika chache. Udongo, maji na mboga vinahitaji maabara. Kazi hiyo inadai barabara na usalama, vitu ambavyo Walikale na Masisi vimekosa kwa miaka mingi. Kule Rubaya, tangu mwezi wa nne mwaka 2024 machimbo yako mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamehesabu kodi ya koltani ambayo kundi hilo linatoza kufikia dola 800.000 kwa mwezi. Wanaopima uzito wa mchanga ule hawakosi. Wanaopima mionzi yake ndio wanaokosekana.

Siku wapimaji watakapofika, mimea na mikrobe vitakuwa na kazi yake: kufunika palipoonekana pabaya, kuchuja maji, kuacha shamba zuri libaki zuri. Kabla ya siku hiyo, vetiver kando ya uwanja wa kuoshea na kinamasi kilichoachwa bila kukaushwa havimdhuru mtu. Na atakayekuja kijijini kuuza mbegu za maua akisema yanakula mionzi, aulizwe swali moja tu: yakishakula, tuyatupe wapi?